Jina Halikuandikwa

Nikifungua picha za Tengeru huwa naanza na upande wa nyuma. Watoto na wajukuu wa waliopigwa picha hizo, walioko Uingereza, Kanada, Australia na Poland yenyewe, wamezipiga skani na kuziweka mtandaoni, na wengine wamekumbuka kupiga skani pande zote mbili. Huko nyuma ndiko kwenye habari: mwaka, mahali, na safu ya majina yaliyoandikwa kwa mkono, kuanzia kushoto kwenda kulia. Wanafunzi na mwalimu wao. Skauti wa kike. Harusi mbele ya kanisa. Wasichana wamekaa kwenye nyasi kando ya Ziwa Duluti, sketi zimekunjwa vizuri magotini, na kila mmoja ana jina la kwanza na la ukoo.

Tengeru yenyewe ni hii hii ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, yenye soko la Jumatano na Jumamosi. Wengi wetu tumepita pale mara nyingi bila kujua kwamba ndani kidogo, kwenye eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi. Mimi mwenyewe nimejua nikiwa chuo kikuu, na sasa ndiyo kazi yangu: natafuta shahada ya umahiri katika historia, na tasnifu yangu inahusu picha za wakimbizi katika nchi hii. Au niseme sawasawa: inahusu maneno yaliyoandikwa chini ya picha hizo, au nyuma yake, au yale ambayo hayakuandikwa kabisa.

Walifikaje Tengeru? Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na siku kumi na sita baadaye Urusi ya Kisovieti ikaivamia kutoka mashariki. Mwaka 1940 na 1941 familia nzima nzima za mashariki ya Poland zilipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Hitler alipomgeuka Stalin, Juni 1941, Wapolandi hao wakaruhusiwa kuondoka, na mwaka 1942 waliofanikiwa walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran. Wanaume wenye nguvu waliingia katika jeshi la Jenerali Anders. Wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa mahali katika makoloni ya Uingereza, na zaidi ya 18,000 kati yao waliletwa Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika. Uganda walikuwa Masindi na Koja. Tanganyika walikuwa Kidugala, Ifunda, Kondoa, Morogoro, na Tengeru, ambayo ilifikia watu wapatao 5,000.

Yote haya hayaonekani kwenye picha. Hakuna mabehewa, hakuna theluji, hakuna mtoto aliyekonda. Kuna nyumba za duara zilizopakwa chokaa na kuezekwa nyasi, bustani ya maua mbele ya mlango, mwalimu na ubao, maandamano ya Ekaristi, jukwaa la maigizo. Ukimwonyesha mtu picha hizi bila kumdokeza, neno "mkimbizi" halitamjia. Sababu ni rahisi: aliyeshika kamera hakuwa mgeni. Alikuwa mmoja wao, au rafiki yao, na picha ilipigwa ili iwekwe kwenye albamu, itumwe kwa baba aliye vitani, au aachiwe rafiki anayehamia nchi nyingine. Mtu anayepiga picha ya dada yake hahitaji kueleza kwamba dada yake anateseka. Anaandika jina na tarehe, basi.

Nilizipenda picha hizi kwa miezi kadhaa kabla sijaanza kuangalia pembeni.

Pembeni yupo mwanamume mwenye kaptura, ameshika ndoo. Yupo mwingine nyuma ya masufuria makubwa ya jikoni, nusu ya uso wake imekatwa na ukingo wa picha. Kuna vijana watatu juu ya paa, wanaezeka. Hawa ni watu wa hapa, ambao kwa mikono yao kambi ilijengwa, ikalishwa na kulindwa. Mwanahistoria Jochen Lingelbach, katika kitabu alichotoa mwaka 2020 kuhusu Wapolandi katika Afrika ya kikoloni, anaonyesha jinsi wakimbizi hawa walivyowachanganya watawala: walikuwa weupe, kwa hiyo mpangilio wa kikoloni uliwataka wakae upande wa mabwana, lakini walikuwa maskini, wengi wao watu wa shamba, na Waingereza waliona aibu Mwafrika amwone mzungu wa namna hiyo. Suluhisho moja lilikuwa kuwapa Waafrika kazi nzito. Ndiyo maana wapo kwenye picha, na ndiyo maana wapo pembeni.

Geuza picha. Kushoto kwenda kulia: jina, jina, jina, jina. Orodha inaishia kwa Mpolandi wa mwisho. Mwenye ndoo amerukwa.

Siwalaumu sana walioandika. Mwanamke aliyepoteza mume na nyumba, na labda amemzika mtoto njiani, alikuwa anajaribu kuhifadhi wale waliobaki. Lakini nilipokuwa nikihesabu nafasi hizi zilizorukwa, nilianza kuona kwamba mkimbizi na asiye na jina si lazima wawe mtu mmoja. Katika picha za Tengeru mkimbizi ndiye mwenye jina, na mwenyeji, aliye kwao, kwenye ardhi ya babu zake, ndiye kivuli. Kinachoamua ni nani ameshika kamera, na hasa nani ameshika kalamu.

Nusu karne baadaye, upande wa pili wa nchi, mambo yaligeuka. Tarehe 28 Aprili 1994 daraja la Rusumo lilifunguka, na katika muda wa takriban saa 24 watu waliokadiriwa na UNHCR kufikia 250,000 walivuka kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara. Walielekezwa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni iliyokuwa ikijenga barabara. Baada ya muda wakimbizi waliwazidi wenyeji wa wilaya nzima. Waandishi wa habari wakaja kwa ndege, na picha ya kwanza karibu kila mmoja wao aliyoipiga ilikuwa ile ile: amesimama mahali pa juu, na chini yake ni maturubai ya bluu, moshi, na vichwa hadi upeo wa macho.

Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki mwaka 2025, ndiye aliyepiga picha za Benaco zilizosafiri mbali zaidi. Zimo katika mradi wake mkubwa kuhusu uhamaji, uliotoka kama kitabu mwaka 2000. Ni nzuri mno, na uzuri wake umewakera wengi. Lakini Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu kutazama mateso ya wengine, aliweka kidole mahali pengine: tatizo alilolitaja si uzuri, ni kwamba maelezo ya picha hayawataji watu kwa majina. Mtu mashuhuri akipigwa picha anatajwa. Asiye na uwezo anabaki kuwa mfano wa kazi yake, kabila lake au shida yake. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikuwa ameshalikaribia jambo hili mwaka 1996. Alikuwa amefanya utafiti kwa wakimbizi wa Burundi kule Mishamo katikati ya miaka ya 1980, na akakuta watu wasionyamaza: walimsimulia historia yao kwa saa nyingi, kwa mpangilio, wakibishana na vitabu. Kisha akaona jinsi dunia inavyomwonyesha mkimbizi: bahari ya watu, bubu, mwanamke na mtoto, hakuna anayeulizwa chochote.

Mama yangu alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo, kwao Ngara. Likizo iliyopita nilikaa naye nikamwonyesha picha za Benaco kwenye simu.

"Mama, hapa unaona nini?"

Alivaa miwani, akaivuta picha kwa vidole viwili. "Naona miti, mwanangu."

Nilidhani hajaelewa. "Na watu je?"

"Watu nawaona. Lakini hii ni mwezi wa tano, maana miti bado ipo. Ikifika mwezi wa nane hapa hukuti hata cha kupigia mtoto."

Tukaendelea. Kwenye picha nyingine, ya umati kando ya barabara, alinionyesha kijana aliyesimama amegeukia upande tofauti na wenzake. Mimi nilikuwa nimeitazama picha hiyo labda mara hamsini. "Huyu anatafuta mtu," alisema. "Wa foleni ya chakula ana mfuko au debe. Huyu mikono mitupu. Walikuwa wengi hivyo, wanapita kwenye mahema wanaita majina hadi usiku. Sisi tulikuwa tunawasikia." Akanirudishia simu akaenda kuangalia maharage. Sidhani alijua kwamba amenipa sura nzima ya tasnifu. Umati ule ambao kwenye picha hauna jina hata moja, kwa aliyekuwa karibu ulikuwa ni sauti za majina usiku kucha.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwalaumu wapiga picha. Ila Benaco hairuhusu.

Kuna picha nyingine za siku zile ambazo watu huzitazama haraka na kupita: rundo la mapanga pale mpakani Rusumo. Waliovuka walitakiwa kuacha silaha upande ule, wakaziacha. Wengi waliokimbia walikuwa Wahutu waliokuwa wakilikimbia jeshi la RPF lililokuwa linasonga mbele, na wengi hawakuwa na kosa lolote. Lakini kila panga katika lile rundo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alipolitupa alivuka daraja, akaandikishwa, akapewa turubai, na akaingia ndani ya ile picha ya vichwa hadi upeo wa macho.

Mmoja wao tunamjua kwa jina. Sylvestre Gacumbitsi alikuwa bourgmestre, yaani kiongozi mkuu wa komuni ya Rusumo, eneo ambamo limo kanisa la Nyarubuye, walikouawa maelfu ya Watutsi katikati ya Aprili 1994. Wiki chache baadaye mwandishi wa BBC, Fergal Keane, alipita Nyarubuye akakuta miili, kisha akavuka mpaka akamtafuta Gacumbitsi. Alimkuta Benaco. Alikuwa mkimbizi kama wengine, na kwa wengi pale bado alikuwa kiongozi. Aliulizwa mbele ya kamera, akakana. Alikuja kukamatwa mwaka 2001, akiwa kwenye kambi mkoani Kigoma. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na kumhukumu kifungo cha miaka 30, na mwaka 2006, kwenye rufaa, adhabu ikawa kifungo cha maisha.

Mahakama ile ilikuwa Arusha. Kutoka pale hadi makaburi ya Tengeru ni safari fupi ya daladala.

Nilipoiona ramani hiyo nilielewa kitu ambacho Sontag hakukigusa, au hakuhitaji kukigusa. Picha ya umati haimnyang'anyi jina asiye na hatia peke yake. Inamficha mwenye hatia pia, na kwake huo ni upendeleo. Maneno "Wakimbizi wa Rwanda, Benaco, 1994" yanawafunika wote wawili kwa turubai moja, yule bibi aliyepoteza wajukuu na yule aliyewaua wajukuu wa bibi mwingine. Mwendesha mashtaka alifanya kazi iliyo kinyume na ya mpiga picha wa umati: alichukua watu wale wale akawatenganisha mmoja mmoja, kwa jina, mahali na tarehe. Nakubali kwamba ni jambo la ajabu kidogo kusema kwamba hati ya mashtaka inamheshimu mtu kuliko picha nzuri, lakini kwa upande wa majina ndivyo ilivyo.

Yupo mpiga picha aliyejaribu njia nyingine mapema. Fazal Sheikh alizaliwa New York mwaka 1965, na kwa upande wa baba ana ukoo Nairobi. Mwaka 1992 alikuja Kenya akaanza kupiga picha kwenye kambi za Wasomali, Wasudani na Waethiopia, kisha Malawi kwa wakimbizi wa Msumbiji, na mwaka 1994 akawa Tanzania, kwa Wanyarwanda. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Ukikifungua baada ya picha za magazetini unahisi kelele zimezimwa. Watu wamesimama wametulia, wanakutazama. Wamejiweka wenyewe walivyotaka, mama na mwanawe, ndugu wawili, mzee peke yake. Na chini yake kuna majina yao.

Darasani kwetu picha hizi husifiwa haraka sana, nami husifu pia. Hata hivyo kuna swali ambalo sijalimaliza. Jina kwenye kambi ya 1994 halikuwa pambo. Kuna mtu aliyekuwa anatafutwa na mama yake, na kuna mtu aliyekuwa anatafutwa na aliyeua ukoo wake, na wote wawili wangeweza kupatikana kwa jina lile lile. Watafiti wengi waliofanya kazi kambini wameficha majina ya waliowasimulia, na si kwa dharau. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila picha ya mkimbizi iwe na jina. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna tofauti kubwa kati ya jina lililofichwa kwa sababu mwenyewe aliombwa ushauri, na jina lililokosekana kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuuliza. Kwenye gazeti zote mbili zinaonekana sawa.

Picha ninazozithamini kuliko zote hazitawekwa kwenye jumba lolote la sanaa. Baada ya mauaji ya kimbari, maelfu ya watoto walikuwa wamepotezana na wazazi wao, wengine wadogo mno kujua jina la kijiji au hata jina la baba. Mashirika, yakiwemo Msalaba Mwekundu na UNICEF, yakaanza kuwapiga picha. Mtoto anakalishwa, anatazama mbele, kisha mwingine, kisha mwingine. Mwanga mbaya, ukuta mtupu, mtoto amekasirika au anasinzia. Picha zikabandikwa kwenye mbao, na watu wakapita mbele yake polepole, safu kwa safu, hadi mtu anyooshe kidole.

Hakuna picha za wakimbizi zilizofanya kazi kama hizi. Hazikumwomba mtazamaji wa mbali amhurumie mtoto. Zilimhitaji mtazamaji mmoja tu, yule anayemjua. Ni picha zilizopigwa bila jina ili jina lipatikane, na kidole kikishanyooshwa, picha imemaliza kazi, inaweza kubanduliwa.

Desemba 1996 serikali yetu ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Picha za wiki zile ni za barabara: safu isiyokatika, mizigo vichwani, magodoro, baiskeli, watoto wamefungwa mgongoni, askari pembeni, na wote wanarudi kuelekea daraja lile lile. Kwenye maelezo ya picha nyingi nilizoziona neno lililotumika ni "wanarejea". Mama anasema baadhi yao siku chache kabla walikuwa wamekimbilia porini upande wa mashariki, wakarudishwa. Kitenzi nacho ni maelezo ya picha.

Sasa niko kwenye kiambatisho cha tasnifu, sehemu ambayo watahini wengi hawaisomi. Kila picha niliyoitumia lazima iwe na mstari mmoja wa maelezo. Kwa zile za Tengeru, msimamizi wangu ameniambia nifuate utaratibu: wenye majina niwataje, wasio na majina niandike "hajulikani". Yule wa jikoni, mwenye uso uliokatwa nusu na ukingo wa picha, nilianza kumwandika hivyo, nikafuta. Hajulikani kwa nani? Alijulikana na mama yake. Alijulikana na waliofanya naye kazi, na na wale wanawake pia, maana haiwezekani ukapika na mtu masufuria ya ukubwa ule kila siku usimwite kwa jina fulani. Anayesoma "hajulikani" anadhani ni tabia ya mtu yule, kama urefu wake.

Nimeandika hivi: "Tengeru, jikoni, miaka ya 1940. Wanawake watatu, majina yao kama yalivyoandikwa nyuma ya picha. Kulia, mwanamume, jina halikuandikwa." Msimamizi amerudisha rasimu na duara la penseli kwenye maneno mawili ya mwisho, na alama ya kuuliza pembeni. Nimepangiwa kuonana naye Alhamisi. Nimeyaacha kama yalivyo, na nimeongeza mstari mmoja: kwamba kwenye upande wa nyuma wa picha, baada ya jina la tatu, nafasi ya kutosha jina la nne ipo.